Oili ya Maabara Katika Injini ya Kizee

Kuanzia Gerezani jijini Dar es Salaam hadi Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mwenye gari la siku nyingi akifika gereji na dumu la oili ya sintetiki hupewa onyo lilelile: injini iliyozoea oili ya kawaida usiibadilishie, itaanza kuvuja. Fundi hakisii. Ndivyo alivyofundishwa na aliyemtangulia, naye akafundishwa na mwingine, na mafundi wa Marekani na Uingereza wamewaambia wateja wao maneno hayohayo kwa karibu miaka 50.

Mwaka 1976 onyo hilo lilikuwa na ukweli mwingi. Leo sehemu kubwa yake imepitwa na wakati, lakini kuna sehemu ndogo ambayo bado ni kweli, na hiyo ndiyo inayomhusu mwenye gari lililokula kilomita laki tatu. Mtu hawezi kuzitenganisha sehemu hizo mbili asipojua onyo lenyewe lilitoka wapi.

Mashine za mvuke za karne ya 19 zililainishwa kwa shahamu ya ng'ombe, mafuta ya nguruwe na mafuta ya nyangumi. Joto la mvuke liliyaunguza mafuta hayo yakageuka gundi, tena yakatoa asidi iliyokula chuma. Edwin Drake alipochimba kisima chake huko Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, kilichotafutwa kwenye mafuta ghafi kilikuwa mafuta ya taa. Masalia mazito yaliyobaki kwenye mtambo yalikuwa na thamani ndogo. Mwaka 1866 thamani yake ilionekana pande mbili za jimbo la New York. Mjini Binghamton, daktari John Ellis alikuwa akichunguza kama mafuta ghafi yanaweza kuwa dawa. Dawa hakuipata, ila aliona kwamba yanalainisha valvu za injini ya mvuke bila kuacha gundi, na kampuni aliyoianzisha ndiyo iliyokuja kuitwa Valvoline. Mjini Rochester, Hiram Everest na Matthew Ewing walianzisha Vacuum Oil, mojawapo ya kampuni zilizoizaa Mobil.

Mafuta yasiyotoka kisimani hayakutoweka mara moja. Mwaka 1909 kampuni ya Charles Wakefield ya London ilitoa oili ya magari na ndege iliyochanganywa na mafuta ya mbarika, ikaiita Castrol. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ndege nyingi za kivita zilikuwa na injini za aina ambayo silinda zenyewe huzunguka, na mbarika ndio ulioziweka hai kwa sababu mafuta yake hayayeyuki kirahisi ndani ya petroli. Oili hiyo ilitumika mara moja na kutupwa hewani, na rubani aliyekaa nyuma ya injini alirudi amelowa usoni. Mti huohuo unaoota wenyewe kando ya njia zetu za vijijini ndio uliorusha ndege za Ufaransa na Uingereza.

Magari ya kawaida yalikwenda na oili ya petroli, yaani ile iliyotokana na mafuta ghafi, nayo ilikuwa oili tupu, haijaongezwa kitu. Asubuhi ya baridi iliganda. Ikipata moto ikawa nyepesi mno. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilianza kuipanga kwa uzito wake wa kutiririka mwaka 1911, na filta ya oili ya Purolator ikafika mwaka 1923. Kabla ya hapo, na katika injini nyingi hata baada ya hapo, uchafu wote ulizunguka ndani mpaka ulipochoka ukatua. Aliyefungua sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ya gari la wakati huo alikuta tope jeusi, zito, limelala kwenye kona ambazo oili haikuwa ikipita kwa nguvu.

Tope hilo ndilo lililozaa hofu ya kwanza, miaka mingi kabla ya sintetiki kuingia madukani. Katikati ya miaka ya 1930, injini za dizeli za Caterpillar zilikuwa zikisumbuliwa na ringi za pistoni zinazonata kwenye mifereji yake kwa masizi. Standard Oil ya California ilipata ufumbuzi mwaka 1935 kwa kutia ndani ya oili kiongezi kinachofanya kazi ya sabuni: hushika masizi yakiwa bado madogo na kuyaacha yaelee mpaka oili itakapomwagwa. Oili hiyo iliitwa Delo. Baada ya Vita Kuu ya Pili viongezi vya namna hiyo vilienea kwenye magari madogo, na mwaka 1947 Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, ikazigawa oili za injini katika madaraja matatu, la juu kabisa likiwa lenye kusafisha.

Ndipo mafundi walipoanza kusema: injini iliyokua na oili tupu usiitie oili ya sabuni. Na walikuwa na sababu. Tope la miaka 10 likibanduka kwa mkupuo huziba neti ya pampu ya oili, na injini iliyoishiwa presha ya oili haichukui dakika nyingi kuua beringi zake. Waliofungua sampu kwanza, wakaikwangua na kuiosha, kisha wakatia oili mpya na kuibadilisha tena baada ya muda mfupi, hawakupata shida. Waliomimina tu wakaenda zao ndio walioacha visa vya kusimuliwa. Hofu hii ya kwanza ilikufa taratibu kadiri magari ya oili tupu yalivyokwisha barabarani, lakini iliacha imani kwamba injini huzoea oili yake na haipendi mgeni. Imani hiyo ndiyo iliyokuja kumpokea mgeni aliyefuata.

Oili ya sintetiki ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1929 kampuni ya Standard Oil ya Indiana ilianza kujenga oili kwa kuunganisha molekuli ndogo, na matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 1931. Sokoni haikupata mnunuzi, maana oili ya visima ilikuwa tele na rahisi. Aliyekosa visima ndiye aliyeichukulia kazi hiyo kwa uzito. Ujerumani ilikuwa na makaa ya mawe na mafuta ghafi kidogo. Kule Mülheim, Franz Fischer na Hans Tropsch walikuwa wamepata katikati ya miaka ya 1920 njia ya kugeuza gesi ya makaa kuwa mafuta, na katika kampuni ya kemikali ya IG Farben mkemia Hermann Zorn alitengeneza kemikali ziitwazo esta, za aina nyingi mno, akitafuta kilainishi kisichoganda wala kuacha gundi. Majira ya baridi ya uwanja wa mashariki wa Vita Kuu ya Pili, ambako oili ya kawaida iligeuka nta ndani ya injini za vifaru, yalionyesha kwa nini utafiti huo ulihitajika. Upande wa Marekani, William Zisman na wenzake katika maabara ya jeshi la majini walifanya kazi iliyofanana na hiyo katika miaka hiyohiyo ya vita.

Kilichoipa sintetiki nafasi ya kudumu ni injini ya jeti. Joto la beringi zake lilikuwa kubwa mno kwa oili ya petroli, na baridi ya angani ilikuwa kali mno kwa oili hiyohiyo. Kufikia miaka ya 1950 jeti ziliruka kwa esta, na kila mtu aliyefanya kazi na jeti alilijua hilo.

Mmoja wao alikuwa Albert Amatuzio, rubani wa ndege za kivita na kamanda wa kikosi cha akiba huko Duluth, Minnesota, mji ambao baridi yake hushuka chini ya nyuzi 30 za hasi. Alijiuliza kwa nini injini ya ndege ifaidi kitu ambacho gari lililoegeshwa nje usiku kucha kwenye theluji linakihitaji zaidi. Alitengeneza oili ya esta kwa ajili ya magari, na mwaka 1972 oili yake ya uzito wa 10W-40, iliyouzwa na kampuni yake ya Amsoil, ikawa sintetiki ya kwanza ya magari kupita vipimo vya API. Ahadi yake ilishtua soko: maili 25,000, yaani kilomita 40,000, bila kumwaga oili. Ufaransa, Motul ilikuwa imetoa sintetiki yake ya mashindano, 300V, mwaka 1971. Kisha Mobil 1 ikaingia sokoni mwaka 1974 na kuenea Marekani nzima kufikia mwaka 1976. Bei ya mafuta ghafi ilikuwa imepanda karibu mara nne baada ya vikwazo vya nchi za Kiarabu vya Oktoba 1973, kwa hiyo oili iliyoahidi kupunguza matumizi ya petroli ilipata wasikilizaji.

Hapa ndipo injini za kizee zilipoanza kuvuja.

Sababu zilikuwa tatu, na zote ziligongana kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni uzito. Mobil 1 ya mwanzo ilikuwa 5W-20, nyepesi sana, ikamiminwa kwenye injini zilizotengenezwa kwa oili nzito kuliko hiyo, na ambazo nafasi kati ya vyuma vyake zilikuwa zimepanuka kwa kuchakaa. Ya pili ni mpira. Sili za wakati huo zilitengenezwa zikitarajia oili ya petroli, ambayo huuvimbisha mpira kidogo na kuufanya ubane. Polialfaolefini, molekuli ya kutengenezwa iliyo msingi wa sintetiki nyingi, haiuvimbishi. Mpira uliokwisha kukakamaa ulisinyaa ukaacha upenyo. Esta kwa upande wake iliuvimbisha kupita kiasi na kuulainisha. Watengenezaji walijifunza kuchanganya hizo mbili ili moja irekebishe kosa la nyingine, lakini kujifunza kwenyewe kulifanyika kwenye magari ya wateja.

Sababu ya tatu ndiyo inayoeleweka vibaya mpaka leo. Nyuma ya krankshafti, pale injini inapokutana na giaboksi, kuna sili kubwa ambayo katika baadhi ya injini za V8 za Marekani ilikuwa kamba iliyosukwa tu, imelowekwa grisi na kukandamizwa kwenye mfereji. Kamba hiyo ikizeeka hupata nyufa, na nyufa hizo hujazwa na masizi yaliyokauka. Injini haivuji kwa sababu uchafu umekuwa sili. Oili mpya yenye viongezi vikali vya kusafisha ikipita hapo kwa wiki kadhaa huyaondoa masizi, na tone la kwanza huonekana sakafuni. Mwenye gari huilaumu oili mpya. Sili ilikufa miaka mitano iliyopita, ila hakuna aliyejua.

Tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Oili iliyoharibu sili nzima na oili iliyofichua sili iliyokufa zinaacha doa linalofanana chini ya gari, lakini ya kwanza ni kosa la kiwanda na ya pili ni taarifa ya hali ya injini. Mafundi wa miaka ya 1970 waliona zote mbili kwa pamoja wakazipa jina moja, na hakuna wa kuwalaumu.

Kosa la kiwanda lilirekebishwa. Mchanganyiko wa polialfaolefini na esta ulisawazishwa, sili zenyewe zikatengenezwa kwa mipira mipya inayostahimili kemikali na joto, na uzito wa aina nyingi ukaletwa sokoni ili injini ya 10W-40 ipate sintetiki ya 10W-40. Mwaka 1992 Chevrolet ilianza kuuza Corvette ikiwa na Mobil 1 tangu kiwandani. Hapo hofu ya magari mapya ilikwisha, ya magari ya zamani ikabaki.

Mwaka 1996 jarida la Consumer Reports lilichapisha jaribio ambalo bado linafaa kusomwa. Liliweka injini zilizotengenezwa upya kwenye teksi 75 za jiji la New York, likazijaza oili za chapa mbalimbali, za kawaida na za sintetiki, na kuziacha zikimbie maili 60,000 kila moja. Baadaye injini zilifunguliwa na vyuma vyake kupimwa. Tofauti ya maana kati ya oili na oili haikuonekana. Jarida lenyewe lilikiri kwamba teksi ya New York karibu haizimwi, kwa hiyo haijui mateso ya kuwashwa ikiwa baridi. Na kwa kuwa injini zilikuwa mpya kwa ndani, jaribio halikujibu swali la injini ya kizee. Hata hivyo lilionyesha kwamba oili ya kawaida iliyobadilishwa kwa wakati hulinda chuma vizuri kuliko matangazo yalivyodai.

Ushahidi wa Irv Gordon una uzito wa aina nyingine. Mwalimu huyo wa sayansi kutoka Long Island, New York, alinunua Volvo P1800S mwaka 1966, akaiendesha mpaka ikafikisha maili milioni 3, sawa na kilomita milioni 4.8, mwaka 2013. Oili yake ilikuwa ya kawaida, na aliibadilisha kila baada ya maili 3,000 na ushei, kwa miaka karibu 50, bila kuruka. Hakuna dumu la bei yoyote linaloweza kununua nidhamu hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mpaka kati ya oili mbili ulififia. Castrol iliacha polialfaolefini katika Syntec yake na badala yake ikatumia oili ya petroli iliyopasuliwa na kujengwa upya kwa haidrojeni, kwa joto na presha kubwa, mpaka ikafanana sana na ile ya kutengenezwa. Oili ya kawaida ina molekuli za kila umbo, na za hovyo zimo. Iliyopita katika mtambo huo ni kama mchele uliokwisha kupepetwa na kuchambuliwa. Mobil ililalamika kwamba hiyo si sintetiki. Chombo cha Marekani kinachoamua migogoro ya matangazo kiliamua mwaka 1999 kwamba Castrol ina haki ya kuiita hivyo. Tangu hapo dumu lenye maandishi ya sintetiki mara nyingi hubeba oili iliyotoka kisimani kama ile ya babu yake, na hoja ya kwamba mpira wa sili utakutana na kemikali ngeni ikapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Mwaka uliofuata Valvoline ilitoa MaxLife, oili ya magari yaliyopita maili 75,000, yenye viongezi vya kuulainisha mpira mkavu. Kilichokuwa sababu ya hofu kikawa bidhaa.

Afrika Mashariki iliipokea historia hii kwa mlango wa nyuma. Magari ya Uingereza yalikuja na mazoea ya 20W-50: uzito huo ulifaa Mini ya mwaka 1959, ambayo oili yake moja ililainisha injini na giaboksi pamoja, na Castrol GTX ya mwaka 1968 ikaueneza. Katika nchi ya joto, oili nzito ilionekana ndiyo oili yenyewe. Magari ya Uingereza yalipungua, 20W-50 ikabaki kwenye rafu, na SAE 40 pembeni yake.

Kisha zikaja gari za mtumba za Kijapani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania huyapokea makuukuu kwa ushuru wa ziada. Ukifungua mlango wa dereva wa nyingi kati ya gari hizo, kwenye nguzo utakuta kibandiko kidogo cha gereji ya Japani chenye tarehe, kilomita za kubadilisha oili, na maandishi ambayo hakuna anayeyasoma. Mara nyingi oili iliyoandikwa hapo, au kwenye kifuniko cha kujazia, ni 5W-30 au 0W-20, uzito ambao Toyota na Honda waliuzoesha tangu miaka ya 2000. Gari linashuka bandarini likiwa limeishi na oili nyepesi maisha yake yote, na siku ya kwanza gereji linamwagwa na kutiwa 20W-50. Hapa mabadiliko yanayoogopwa yanafanyika kinyumenyume, na hakuna anayeyaogopa.

Yangefaa kuangaliwa. Mfumo wa VVT-i wa Toyota husogeza muda wa valvu kwa presha ya oili inayopita kwenye neti yenye matundu madogo sana. Oili nzito na chafu huchelewa pale, mlio wa mnyororo husikika asubuhi injini inapowashwa, na gari huanza kula petroli. Kwa upande mwingine, faida kubwa ya sintetiki iliyomsukuma Amatuzio, yaani kuwaka kwenye theluji, haina kazi Mombasa: ile 5W hupimwa kwa kifaa cha maabara kinachoiga injini inayozungushwa kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, na 20W kwenye 15 chini ya sifuri, baridi ambazo hazifiki Pwani wala Nairobi. Kinachobaki na faida huku ni uwezo wake wa kuvumilia joto la foleni, hasa kwenye injini yenye tabo.

Kwa injini iliyochakaa, sehemu ya onyo la zamani iliyobaki kweli ni hii. Kama moshi wa bluu unatoka, ringi au sili za valvu zimechoka, na oili ya bei kubwa itaungua sawa na ya bei ndogo. Injini inayokunywa lita moja kila kilomita 1,000 inahitaji kupimwa oili kila wiki kuliko inavyohitaji sintetiki. Kama ni injini ya miaka ya 1980 kurudi nyuma, ambayo kemshafti yake husugua tapeti bapa, ni muhimu kujua kwamba kiongezi cha zinki na fosforasi kinachoilinda kilipunguzwa katika oili nyingi za magari madogo tangu mwaka 2004 ili kisiharibu kifaa cha kusafisha moshi. Kwa injini hiyo ya kizamani kiasi cha zinki kina uzito kuliko neno sintetiki. Na kama kifuniko cha kujazia kikifunguliwa kinaonyesha tope jeusi upande wa ndani, kazi ifanywe kama walivyofanya mafundi wenye subira katika miaka ya 1950: sampu ishushwe, neti ya pampu isafishwe, oili mpya itiwe, kisha imwagwe na filta ibadilishwe mapema, kilomita 1,500 au 2,000 baadaye, tena kwa mara ya pili kama bado inatoka nyeusi tii. Mtindo wa kumimina dizeli ndani ya injini na kuiacha iungurume ili kuisafisha huondoa tope lote kwa wakati mmoja, huku dizeli ikiwa haina nguvu ya kuzilinda beringi.

Injini kavu, isiyovuja wala kutoa moshi, yenye sili nzima, inaweza kubadilishiwa oili ikatiwa sintetiki leo hata ikiwa na kilomita laki nne, kwa uzito uleule ulioandikwa kwenye kitabu chake, na oili ya kawaida na ya sintetiki hata zikichanganyika ndani yake hazigombani. Jambo la kuhangaikia zaidi ni kama dumu lenyewe limebeba kilichoandikwa juu yake, kwa sababu madumu matupu yenye chapa nzuri hukusanywa na kujazwa tena mtaani.